Shefu Asiyeshika Simu

Siku ya tatu sasa, kiti cha mkuu wa stesheni ya Kindu kilikuwa kitupu.

"Shefu iko mu njia," alisema Onema, karani wa mizigo, bila kuinua macho. "Alienda kuangalia reli."

"Jana ulisema anaumwa kifua," Tshiela alimkumbusha.

Onema aliangusha kalamu, akainama kuitafuta chini ya meza.

Tshiela aliielewa hofu ile. Katika Zaire ya mwaka huo wa 1977, mgeni aliyeuliza maswali na kuandika majibu alidhaniwa ametumwa na watu wa usalama. Barua yake ilisema ni mwalimu kutoka chuo kikuu cha Lubumbashi, anayechunguza kwa nini ofisi nyingine hupokea ufundi mpya na nyingine huukataa. Barua hiyo haikumtuliza mtu.

Stesheni kumi na mbili zilikuwa zimepewa mashine za teleksi, zinazopeleka maandishi kwa waya na kuyachapa upande wa pili. Kumi na moja alikwisha kuzitembelea, na kote alikuta mashine imefunikwa kitambaa, watu wakipigiana kelele kwenye simu kama zamani. "Karatasi haicheki," mkuu mmoja alimwambia. "Mimi nataka kusikia muntu." Kindu peke yake teleksi ililia kutwa. Mkuu wake, Kabeya, mtu wa reli kwa miaka ishirini, mpenda maneno, hakuwa ameshika simu tangu Januari. Na treni zake hazikuchelewa tena. Tshiela alitaka kujua ni nini kilichombadilisha.

"Nani alimfundisha mashine?" alimuuliza mama Kanku, mwanamke aliyeiendesha pale karibu na dirisha.

"Hakuna. Ilikuja na kitabu. Tulikisoma polepole."

"Na kwa nini anaipenda hivyo?"

Kanku alifikiri. "Simu inataka mutu ajibu mbio. Hii inakuachia nafasi ya kuwaza."

Tshiela aliandika. Lilikuwa jibu zuri kuliko yote aliyoyapata safarini, lakini alilitaka kutoka kinywani mwa Kabeya mwenyewe.

"Kesho narudi Lubumbashi," alisema. "Nisipomwona, nitaandika kwamba ofisi hii haina mkuu."

Onema aliinuka ghafla, kiti chake kikaanguka. "Citoyenne, mama mwalimu, tafazali. Mukiandika vile, sisi wote tumekwisha."

Hapo simu ikalia.

Hakuna aliyejongea. Ikalia tena. Onema aliitazama kama mtu anayemtazama nyoka. Ilipolia mara ya tano, Tshiela akainyakua.

"Nipe Kabeya!" Alikuwa mkurugenzi wa treni, Lubumbashi. "Mvua haijakatika siku mbili. Mulinzi wa daraja, kusini ya Kibombo, anasema maji yamefika kwenye vyuma. Treni ya abiria iko Kibombo, watu mia tatu. Ivuke ao ilale? Daraja lile Kabeya analijua kuliko sisi wote. Mupe simu!"

Tshiela aliziba simu kwa kiganja. "Yuko wapi shefu? Kuna watu mia tatu kwenye treni!" Akawaeleza, maneno yakimtoka kwa haraka.

Onema alifunika uso. Kanku peke yake aligeuka.

"Vyuma vya juu ao vya chini?"

Tshiela aliuliza. "Vya chini," alijibu mkurugenzi.

"Mwambie: shefu anajibu kwa mashine. Dakika moja."

Vidole vya Kanku vilikuwa vimekwisha kuanza kugonga. Kwenye simu Tshiela alisikia mashine ya Lubumbashi ikiamka, kisha mkurugenzi akisoma kwa sauti: "Treni ilale Kibombo. Nguzo ya pili ilianza kucheza tangu mvua ya mwaka jana. Hata gurudumu moja lisivuke mpaka fundi aiangalie. Kabeya."

Kisha mkurugenzi akashusha pumzi. "Huyu njo Kabeya," alisema. "Muache na mashine yake." Simu ikakatika.

Walingoja. Onema alitembea kutoka ukuta hadi ukuta. Mchana, teleksi ililia tena, na Tshiela akainama juu ya karatasi kabla wino haujakauka: nguzo ya pili ilikuwa imekwenda na maji. Treni ilikuwa imesimama Kibombo, na abiria wote walikuwa salama.

Onema aliketi chini, palepale sakafuni, akacheka na kulia pamoja.

Tshiela alitazama mlango, ambao tangu asubuhi haukuwa umepitiwa na mtu. Kisha akamtazama mwanamke aliyekaa dirishani.

"Mama," aliuliza kwa sauti ndogo, "nani alikuambia cha kuandika?"

Kanku alichana karatasi, akaikunja vizuri.

"Kabeya tulimuzika mwezi wa kwanza," alisema. "Mimi njo muke wake; mambo ya nguzo ile aliniambia yeye. Tangu siku ile, treni ninazipeleka mimi."