Karanga za Nguchiro

Palikuwa na Nguchiro, muuza karanga, mwenye tamaa kupita wanyama wote. Babu yake alimwachia sanduku la vitabu, na kwa kuwa mwituni hakuna tena aliyependa kusoma, alivichana ukurasa mmoja mmoja akafungia karanga.

Asubuhi moja Digidigi, mdadisi asiyejua kunyamaza, alinunua karanga, na punde akarudi mbio kibandani.

"Mzee Nguchiro, yule fisi alizama?"

"Fisi gani?"

"Wa kwenye karatasi yako! Kafika katikati ya mto, ukurasa ukaisha."

"Nunua nyingine," akajibu Nguchiro, akichekea moyoni.

Lakini ukurasa uliofuata alikuwa nao Nyumbu, na wa baada ya huo alikuwa nao Pimbi. Jioni majirani ambao siku hizi hata salamu walisahau walikaa pamoja mbele ya kibanda, wakisomeana. Ukurasa wa mwisho ndio uliokosekana.

Nguchiro akautazama mkononi mwake, umeshakunjwa tayari kwa karanga. Akaukunjua, akaanza kusoma.

"Mzee, karanga zinaungua!" akapiga kelele Digidigi.

"Ziache ziungue. Fisi bado yumo majini."

"Basi soma kwa sauti!"

Akasoma. Tangu siku hiyo karanga za Nguchiro hufungwa kwa majani ya mgomba.