Dirisha Lililohesabu Wawili

Sheria haikuruhusu mtu kulala kwenye nyumba mpya mpaka wote watakaolala humo watoke kwa dirisha la chumbani, kana kwamba nyumba inaungua, nalo dirisha lihesabu waliotoka wakiwa hai. Asubuhi hiyo Sikudhani alijifunga kanga kiunoni, akapanda dirishani na kushukia majanini. Mumewe, Chande, alisubiri zamu yake chumbani.

"Wametoka wawili," dirisha likasema.

"Bovu hili," Chande akalalamika. "Mimi bado nimo ndani!"

Mkaguzi wa zimamoto, mama wa makamo, akamwomba Sikudhani arudie. Dirisha likasema vilevile.

Mkaguzi akatabasamu. "Si bovu, mwanangu. Hongera."

Sikudhani akakaa palepale kwenye majani. Baada ya miaka yote ile ya hospitali na dua! Chande akatoka mbio, akapiga magoti mbele yake, wakalia na kucheka pamoja.

Tangu hapo dirisha huwahesabu kila wanapokwenda kulala, ili zimamoto wajue ni wangapi wa kuwaokoa. Likisema, "Watatu," Chande humshukuru Mungu na kusinzia. Sikudhani naye hushukuru. Lakini kabla halijasema, hushika tumbo lake na kubana pumzi.