Goti la Ndeshi

Siku hizi mtoto akiumia, maumivu hayasikii yeye. Yanakwenda kwa mtu mzima aliyeandikishwa kwenye bangili yake. Kwa Ndeshi wangu ni mimi. Sasa fikiria, wakwe zangu wa Sanya Juu wamestaafu, wakajinunulia farasi!

"Mama, leo asipande jamani," nilimwambia mama mkwe. "Wiki jana kaanguka yeye, kiuno kimeniuma mimi mpaka Alhamisi!"

"Hutaumia tena, Mama Ndeshi. Nenda kakate kabichi," akanijibu huku anacheka.

Nikaenda jikoni. Kuchungulia dirishani, Ndeshi huyo juu ya farasi! Kabla sijapiga kelele, puu, yuko chini. Nikang'ang'ania meza, nikafumba macho, nikasubiri maumivu.

Hayakuja.

Nikatoka mbio. Ndeshi anacheka, goti linavuja damu na wala hana habari. Mama mkwe ndiye kakaa kwenye nyasi, kashika goti lake zima kabisa, jasho linamtiririka.

"Mama! Umebadilisha bangili?"

"Sasa ningefanyaje? Mjukuu anapenda farasi, na wewe nakupenda."

Nilimkumbatia pale pale, nikalia kama mtoto. Mkwe gani huyu jamani!

Ndeshi akaja kumvuta mkono.

"Bibi, inuka bwana! Nipandishe, nataka kuanguka tena."

"Ndeshi, Bibi anaumwa," nikamwambia.

"Anaumwa ndiyo nini?"

Mama mkwe alishaanza kuinuka.