Salamu kutoka Redio Motulele

Ladislaus alivaa hedifoni, akazivua, akazivaa tena. Hakuamini. Ule mngurumo uliomtesa miaka kumi na moja, grrr, grrr, ulikuwa umekoma tangu Jumanne.

Ilikuwa Jumamosi ya Desemba, saa mbili kasoro robo asubuhi, na mtaa wa Husby, Stockholm, ulikuwa bado giza. Mbele yake palikuwa na redio ya AM, na waya mrefu uliotokea balkoni ukaenda kufungwa kwenye msonobari. Wengine hukusanya stempu. Yeye hukusanya stesheni za mbali. Anasikiliza, anaandika neno kwa neno alichosikia, saa, usikivu na kelele, kisha anatuma barua. Stesheni ikiridhika kwamba kweli ameisikia, inamtumia kadi.

Ukuta ulijaa kadi. Alaska ipo, Hawaii ipo. Nafasi moja tu ilikuwa wazi, katikati kabisa, palipokuwa na picha ya harusi. Hiyo ilikuwa ya Redio Motulele, kituo kidogo cha kisiwa kidogo huko Pasifiki, ambacho hakuna mtu Stockholm aliyewahi kukipata. Barua nne alishawaandikia kuwauliza ratiba yao, na zote mkewe Adelina ndiye aliyezipeleka posta.

Tatizo halikuwa umbali, bwana. Tatizo lilikuwa cherehani ya umeme ya Adelina, aliyoshonea vitenge vya watu akitoka zamu ya kutunza wazee. Ikinguruma tu, Pasifiki yote inazama. Waligombana kwa ajili ya hiyo cherehani weee, mpaka jirani Mswidi akawa anajua kutukana kwa Kiswahili.

Jumatatu Adelina alikuja kusimama mbele yake.

"Baba Goodluck, naomba dakika tano tu. Nina jambo."

Ladislaus aliinua kidole. "Shh! Hawaii hiyo."

Adelina akasubiri kidogo, akaenda zake chumbani.

Na leo, tazama! Cherehani haipo hata mezani. Ameificha, mama wa watu. Hatimaye ameelewa, Ladislaus aliwaza, na moyo ukamlainika. Msimu wa kusikiliza yeye hulala sofani, na zamu za Adelina hazieleweki, kwa hiyo siku kadhaa hawakuwa wameonana. Aliapa akiipata Motulele atamnunulia maua, tena yale ya bei.

"Asante kwa utulivu, mke wangu!" aliuambia mlango wa chumbani.

Hakujibiwa. Bado amenuna, basi, atapoa.

Akanyanyua chupa ya chai. Siku za kazi hunywa kahawa ya kazini. Chai ya nyumbani ni ya Jumamosi. Chupa ilikuwa nyepesi, na alipoitikisa kitu kikalia ndani, kacha kacha. Lo! Kumbe ameivunja, akaona haya kusema. Ladislaus alimsamehe hapo hapo.

Saa mbili na dakika nne, mawimbi yakafunguka. Sauti ya mwanamke, nyembamba lakini safi, ikaja kutoka upande wa pili wa dunia: hii ni Redio Motulele, na sasa ni salamu za wasikilizaji zilizotufikia kwa barua pepe.

Machozi yalimtoka. Miaka kumi na moja! Akainamia daftari. Neno kwa neno, asiruke hata moja, maana huo ndio ushahidi wa kupatia kadi. Mtangazaji alisoma taratibu kwa Kiingereza, naye akaandika kila alichosikia, mpaka mwisho, kama alivyozoea:

"Saa 2:05. Salamu kwa Ladislaus wa Husby, Stockholm, kutoka kwa mkewe Adelina. Anasema akiwa nyumbani humsikii, labda kutoka huku utamsikia. Alihama Jumanne. Funguo zake ziko ndani ya chupa ya chai.

Usikivu: mzuri sana. Kelele: hakuna."