Chui na Dawa ya Majani Machungu

Homa ya mapafu iliingia msituni. Chui, aliyemshuku kila mnyama, alilala pangoni akihema kwa shida. Paa, naye akikohoa, akamletea kibuyu cha dawa ya majani machungu aliyoyatwanga mwenyewe.

"Tugawane, mzee."

"Unataka kuniua! Kunywa yote, nione."

Paa akanywa mpaka tone la mwisho. Kabla jua halijachwa, kifua chake kiliacha kukoroma, akasimama imara. Chui akaduwaa. Alitaka kumwomba dawa, lakini pumzi haikumtosha kusema.

Paa angeweza kukimbia. Badala yake akaokota kibuyu.

"Vumilia, mzee. Nakwenda kukuchumia mengine."

Chui, ambaye mwaka uliopita alimla mwana wa Paa, akainamisha kichwa mpaka chini, machozi yakimtiririka.