Kijitabu cha Nyongeza

Karatasi ya mwisho ilipotoka kwenye beseni la chai, Nukada aliitandaza juu ya kaunta akaipiga pasi polepole, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Ilitoka na rangi ya udongo, imejikunja kidogo pembeni. Ungeiona ungeapa imelala darini tangu enzi za baba yake.

Ulaghai mtupu, na mwenyewe alijua. Lakini angefanyaje? Bi Karasawa alishamwingia moyoni. Msimfikirie vibaya: bibi alikuwa na miaka themanini na ushei, na Nukada naye upara ulishamfika kisogoni.

Duka lake la vibonzo vya zamani lilijibana chini ya daraja la reli, huko Osaka, na kila treni ikipita vitabu vilitetemeka rafuni. Bi Karasawa alianza kuja baridi ilipopungua, akitafuta matoleo ya gazeti moja la wasichana lililokufa zamani. Humo ndimo ilimotoka hadithi ya Yukie, mtoto aliyekuwa akimsaka dada yake waliyepotezana naye vitani. Matoleo ya bibi mwenyewe yaliteketea nyumba yake ilipoungua. Sasa na macho nayo yalikuwa yanamuaga, na daktari alishamwambia asiyategemee mwaka ujao. Alisema anataka Yukie afike kwa dada yake kabla yeye hajaingia gizani. Hilo tu.

Nukada akamsakia. Toleo moja alilitoa Kobe, jingine kwa kinyozi wa Nara aliyekuwa akiinulia nalo mguu wa meza. Kila alipompa moja, bibi alikaa kwenye kigoda, akashika kioo chake cha kukuzia, akaanza kutoa kasoro. Maneno hakuyajali hata kidogo. Alitazama picha tu.

"Huyu mchoraji miguu ilimshinda," alisema siku moja. "Tazama, kila mtu kasimamishwa kwenye majani marefu. Hata jikoni kawekewa magunia mbele."

Nukada alichukia kweli. Todoroki Gen, ambaye jina lake lilikuwa mwanzoni mwa kila sura ya hadithi na ambaye hakuna aliyewahi kumwona, alikuwa shujaa wake tangu utotoni, alipokuwa akimwibia dada yake yale magazeti.

"Mama, Bwana Todoroki usimguse," alisema. "Kuchora si kuchambua mchele. Mimi kazi hiyo nimeikalia."

Aliikalia kweli. Ujanani alikuwa msaidizi kwa mchoraji mmoja mkubwa, na kazi yake ilikuwa kuta, mapaa na mvua. Uso wa mtu hakuruhusiwa kuugusa hata siku moja. Bibi aliposikia hayo alimpa pole, akamwita mwalimu, akacheka mpaka miwani ikamteleza puani.

Hatimaye toleo la mwisho likapatikana. Nukada alilisoma wima, halafu akakaa. Yukie yuko upande huu wa daraja, dada yake yuko ng'ambo, maji yanapanda. Chini pameandikwa: Mwisho wa Sehemu ya Kwanza.

Anayeijua kazi hiyo anajua kwamba sehemu ya pili haipo. Kadi za wasomaji za kupigia kura hadithi zimekuja chache, wakubwa wa gazeti wameichinja hadithi, na maneno yale ndiyo sanda yake. Ndiyo maana Nukada akainjika chai.

Zamani magazeti ya wasichana yaliuzwa na kijitabu cha nyongeza kilichofungwa kwa uzi, na hicho ndicho kilichokuwa cha kwanza kupotea. Basi mwisho wa Yukie ungekuwa kwenye nyongeza. Nani angebisha? Akauchora kwa aliyoyajua. Mvua ikanyesha kwa fujo, paa kwa paa, mpaka daraja likang'aa. Yukie akavuka akiwa ametugeuzia mgongo. Dada yake akaja chini ya mwavuli ulioshuka hadi mabegani. Wakakumbatiana, kila mmoja akamfunika mwenzake uso.

Alhamisi bibi akaja. Nukada akamkabidhi gazeti na kijitabu, akasema nyongeza ameipata kwa mjane mmoja wa Kyoto, na aibu ikamchoma masikio.

Gazeti bibi alilipitia haraka, akatulia kwenye ukurasa wa mwisho, akatikisa kichwa kama mtu aliyekuta alichotarajia. Kisha akafungua kijitabu. Treni ikapita, ikapita nyingine. Aliisogeza karatasi kwenye kioo, akaisogeza puani, akanusa. Alipofika kwenye kumbatio, machozi yalimtoka bila kuyafuta, na Nukada akafurahi na kuogopa kwa pamoja.

"Mvua nzuri hii," bibi alisema. "Yukie hajawahi kunyeshewa vizuri hivi. Nani kaichora?"

"Bwana Todoroki, mama. Nani mwingine?"

"Na mbona hakuna hata mtu mmoja mwenye uso?"

Nukada alisema labda bwana alikuwa na haraka, wakubwa walikuwa wakimsukuma. Bibi akaitikia kwa upole kwamba ndiyo, walikuwa wasukumaji kweli, hasa yule mnene wa orofa ya pili. Akafungua mkoba wake, akatoa bunda la karatasi nyeupe nzito, kalamu ya kuchovya na kichupa cha wino, akavipanga juu ya kaunta mbele ya Nukada.

"Jina la Todoroki nilipewa na ofisi, nami nikalizoea," alisema. "Wakati wananikatiza nilikuwa nimepanga Yukie azame, nikaja kujuta. Mwisho wako huu umeushinda wangu. Sasa vuta kiti, kijana: mimi nasimulia, wewe unachora. Tunaanza na uso."