Mtihani wa Ndeshi

"Siwezi kukuacha uchomwe kisu, mama! Bora niache masomo," Ndeshi alifoka.

"Miaka miwili ya uzamili wa huduma za dharura uitupe leo?" nikamjibu. " Majeruhi wa barabarani unawafunga vidonda bila kutetemeka. Mtihani wa mwisho ni kumwokoa mtu wa damu yako, na sheria uliijua."

"Baba yake Kileo wa darasani kwetu alikufa mtihanini!"

"Kileo alilia badala ya kukaza mkanda wa kuzuia damu. Wewe utalia baadaye."

Mtahini alisubiri mlangoni na kisu chake. Nilisogeza sufuria ya maharage, nikalala juu ya meza ya jikoni, nikapandisha khanga.

"Choma," nikamwambia.

Alinichoma paja. Damu iliruka hadi kwenye friji, na mikono ya Ndeshi ilikuwa bado imeziba mdomo wake.